Jino la Pampu

Mjukuu wangu hupaka nywele zake mafuta ya nyonyo ya dukani, yaliyo kwenye chupa ndogo yenye picha ya mwanamke mwenye nywele hadi kiunoni. Ameniambia yanakuza nywele. Sina ushahidi wa kumpinga, kwa hiyo nimemwacha. Ila kila anapofungua kile kifuniko mimi hutoka nje nikakaa barazani hadi harufu ipungue, naye anadhani ni uzee tu, kwamba bibi hapendi mambo ya kisasa. Sijamweleza kwamba mimi na mafuta hayo tulijuana zamani, kabla hata mama yake hajafikiriwa, na kwamba pua yangu ikiyapata haikumbuki nywele bali pikipiki.

Ninyi wa rika langu mliokulia nyanda hizi za baridi mnajua yalivyotengenezwa. Mbegu za mbarika, ndizo hizo nyonyo, zilikaangwa, zikatwangwa, zikachemshwa na maji mpaka mafuta yaelee, kisha yakaenguliwa kidogo kidogo yakatiwa kwenye kibuyu. Hayakuwa masafi kama haya ya dukani. Yalikuwa mazito, yana rangi ya njano iliyoungua, na chini ya kibuyu hayakukosekana makapi ya mbegu. Mtoto mchanga alipakwa hayo, ngozi ya kulalia ilipakwa hayo, na mtu aliyekuwa na safari nzito, bibi harusi au mama anayekwenda kujifungua, alipakwa miguu kabla ya kuondoka. Kwetu ilikuwa aibu kumwacha mtu wako atoke nyumbani na miguu mikavu. Mchungaji alihubiri dhidi ya mambo mengi ya wazee, lakini hilo hakuligusa, nadhani kwa sababu mke wake naye alikuwa na kibuyu.

Tuliishi kijijini, kati ya Makambako na Njombe, mahali ambapo barabara hupanda na kushuka kama haijaamua iende wapi. Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya barabara pale Makambako. Ufundi aliupata jeshini, Burma, alikopelekwa na Waingereza kupigana na watu ambao hawakuwa wamemkosea lolote. Alirudi na koti refu la sufu na ujuzi wa injini. Pikipiki aliachiwa na mzungu mmoja mpimaji wa mashamba ya miwati, miti ya magome ya kulainishia ngozi, aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa kuukuu tayari, yenye kigari cha kubebea mtu ubavuni, na hakuna aliyeitaka zaidi ya Baba.

Uani kwetu aliishi pia Bibi, mama yake Mama. Alikuwa mjane wa mhunzi, Mpangwa wa upande wa Mawengi, na ujana wake wote alikuwa amemvukutia mumewe moto wa kufulia majembe. Kiswahili hakukijua zaidi ya salamu, kwa hiyo maneno yake hapa nimeyatafsiri mimi. Alikuja kukaa nasi baada ya Babu kufariki, akajengewa kibanda chake nyuma ya nyumba, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Kwa desturi yetu mwanamume na mama mkwe wake hawasemeshani. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapishani kwenye njia moja. Si ugomvi, ni heshima, tena ile ya juu kabisa. Baba akifika pembeni ya ua alisimama penye jiwe fulani akakohoa, Bibi akasikia, akaingia jikoni kwake na kuvuta mlango, ndipo Baba akapita. Wakiwa na la kuambiana, nilitumwa mimi. Kamwambie bibi yako mvua imetoboa paa lake, nitapanda kesho. Kamwambie baba yako kuna viazi vya kuchoma. Nilibeba maneno yao kutwa nzima, huku na huku, na kwa akili yangu ya miaka saba au minane niliamini kwamba wale watu wawili wanachukiana sana na mimi ndiye ninayezuia vita.

Pikipiki ilipoletwa, kikohozi kilipumzika. Ilisikika tangu bondeni, ikanguruma mlimani, na hadi inafika penye jiwe Bibi alikuwa keshajifungia zamani.

Mama alikuwa na mimba ya pili, na akina mama waliozoea kuzalisha walipompapasa tumbo walitazamana. Mtoto amekaa vibaya, wakasema. Baba hakubishana nao. Alisema siku uchungu ukianza atampeleka hospitali ya misheni, Njombe, kwa pikipiki, na tangu hapo kila jioni alikuwa akiikagua ile mashine, akiifuta, akijaza oili kwenye tangi lake dogo kwa uangalifu wa mtu anayemlisha mgonjwa. Bibi aliyaona hayo yote kupitia upenyo wa mlango wa jiko. Hakuweza kuuliza ile oili ni ya nini. Angemuuliza nani?

Uchungu ulianza alfajiri moja ya sakitu, ile inayofanya majani yawe meupe na kuvunjika ukiyakanyaga. Kulipopambazuka Mama alikuwa amekaa ndani ya kile kigari, amefungwa mablanketi, ametoa miguu nje. Baba aliingia ndani kuchukua koti lake. Bibi akatoka jikoni haraka na kibuyu, akapiga magoti, akampaka Mama miguu, kila kidole. Kisha akainuka, akakiangalia chombo chenyewe, ile pikipiki. Akafungua kifuniko kile kile ambacho Baba alikuwa akikifungua kila jioni, akamimina humo mafuta yaliyobaki, yote, akafunga. Akanigeukia mimi niliyekuwa natetemeka mlangoni. "Nacho kinatembea," akasema. "Kisiende kikavu." Alipomsikia Baba akija alirudi jikoni.

Niseme hapa niliyoyajua ukubwani, nilipomuuliza fundi mmoja bila kumwambia ninaulizia nini. Mafuta ya nyonyo hayachanganyiki na oili ya madini. Ni mazito kuliko hiyo oili, kwa hiyo huzama hadi chini ya tangi, na chini ndipo ulipo mdomo wa bomba linalokwenda kwenye pampu. Kukiwa na baridi huganda yakawa kama uji wa jana. Ukiongeza makapi ya mbegu, pampu haina cha kuvuta. Injini hukimbia kwa muda ikitumia kile ilicho nacho, kisha hukauka na kushika.

Ilishika kwenye mlima mrefu kabla ya kufika nusu ya njia. Wanaume waliokuwa wakipalilia pareto walitupa majembe wakakata miti, wakatengeneza machela, wakambeba Mama. Ni mwendo mrefu kwa miguu, hasa ukiwa umebeba mtu anayeumwa. Walifika jua limepinduka. Mtoto alitoka mzima, wa kiume. Mama hakutoka salama, na kila aliyesimulia habari ile baadaye, hata wale ambao hawakuwapo, walimalizia kwa neno moja: laiti wangewahi.

Mimi sikuambiwa. Siku zile watoto hawakuambiwa habari za kifo wala hawakupelekwa mazikoni, na Mama alizikwa kule kule misheni. Nilichokiona ni hiki. Mama aliondoka ndani ya kigari, akiwa na blanketi la bluu. Bibi aliondoka kwa miguu baada ya kuletewa habari, akarudi na mtoto mgongoni. Pikipiki ilirudi ikivutwa na ng'ombe, kigari kitupu. Nikapiga hesabu yangu nikapata jibu: Mama ameachwa njiani kwa sababu chombo kimeharibika, na chombo kikitengenezwa atafuatwa. Hakuna aliyenipa sababu ya kufikiri vingine. Watu walikuja wakakaa kimya, wakaimba nyimbo za kanisani, wakaondoka, nami niliona wanasubiri kama mimi.

Bibi alibadilika. Alimlea yule mtoto, alimtafutia maziwa, alimpeleka kunyonya kwa jirani aliyekuwa na wa kwake, lakini hakumpaka mafuta. Kibuyu kilining'inia jikoni kikiwa kimejazwa upya na majirani, naye hakukigusa. Ngozi ya mtoto ilipauka kwa baridi, ikaanza kupasuka viwikoni na mapajani, akawa analia kila akifunuliwa. Akina mama walimuuliza Bibi kulikoni, akasema mikono yake imechoka. Yeye mwenyewe alikuwa hali kitu cha maana. Alikaa mlangoni na kutazama upande ule Baba alikoweka pikipiki, chini ya miwati, akingoja ifunguliwe. Sasa najua alichokuwa anakingoja. Alikuwa amesikia, kama kila mtu, kwamba injini ilikauka. Alikuwa anangoja kuambiwa kama ni yeye aliyemuua binti yake, na mtu pekee aliyeweza kumwambia alikuwa ni yule asiyeruhusiwa kusema naye.

Baba aliifungua siku ya Jumamosi, akaanza kwa kuifuta injini na kulainisha pistoni iliyokwaruzika. Alitandika gunia la unga chini, akapanga kila alichokitoa kwa mstari, na hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga hapo isipokuwa mimi, kwa kuwa nilikaa kimya. Mwisho akaitoa pampu yenyewe. Nilitazamia kitu kikubwa. Kilikuwa kisanduku cha chuma cha ukubwa wa ngumi yangu, chenye mfuniko wa skrubu, na ndani yake magurudumu mawili madogo yenye meno, yameumana, ambayo yakizunguka hubeba oili katikati ya meno na kuisukuma mbele.

Ndani ya kisanduku kulikuwa kumejaa kitu cha njano, kizito, chenye vipande vyeusi. Baba alikichota kwa kidole akakinusa. Sikuhitaji kusogea, harufu ilinifikia nilipokaa, na nikasema, kwa furaha ya mtoto anayejua jibu, kwamba hayo ni mafuta ya Bibi. Baba akakinusa tena. Aliangalia kidole chake, kisha akainua macho kuelekea jikoni kwa Bibi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, na mle mlangoni Bibi alikuwa ameketi na mtoto. Akayashusha haraka.

Alichukua mafuta ya taa na kitambaa akafuta kile kisanduku hadi kikang'aa. Akazibua bomba. Akamwaga kila kilichokuwa kwenye tangi shimoni, akafukia. Kitambaa akakichoma. Yale magurudumu mawili aliyaosha akayageuza juani, na mimi niliyaona vizuri, maana nilikuwa nimeinama karibu: meno yote yalikuwepo, mazima, hata kona hazikulika. Nikajua kazi imekwisha. Nikaanza kufikiri nitavaa nini tukienda kumfuata Mama.

Hapo Baba akachukua tindo la kukatia chuma. Akaliweka gurudumu moja juu ya chuma cha kufulia, akalaza tindo kwenye shina la jino, akapiga nyundo. Mara ya kwanza halikutoka. Mara ya pili liliruka likaangukia kwenye gunia.

Akaliokota, akalifuta, akaniwekea kiganjani. "Mpelekee bibi yako. Mwambie, hiki ndicho kilichovunjika."

Baba alikuwa Mlutheri wa kweli, na mtaona kwamba hata hapo hakusema uongo.

Mimi sikuona hivyo. Nilichokiona ni mtu mzima aliyekuwa na pampu nzima mkononi, akaivunja makusudi. Kulikuwa na sababu moja tu iliyonitosha: Baba hakutaka Mama arudi. Nilimchukia pale pale, kwa chuki safi ambayo sijawahi kuipata tena kwa mtu yeyote. Nilivuka ua nikiwa nimefumba kile kijino mkononi na nimeshaamua. Nitamwambia Bibi. Nitamwambia halikuvunjika, amelivunja mwenyewe sasa hivi, na pampu ilikuwa na mafuta yako tu, basi, hakuna lingine.

Bibi alikuwa amesimama tayari. Nadhani aliisikia nyundo. Alinyoosha mkono, nikampa. Alilileta karibu na macho, akaligeuza, akapitisha ukucha wa kidole gumba pale lilipokatikia.

"Baba yako amesema nini?"

Nikasema: amesema hiki ndicho kilichovunjika. Nikavuta pumzi ili niongeze yangu.

"Basi," Bibi akasema. "Mjumbe hubeba alichopewa. Haongezi."

Nikafunga mdomo. Desturi ilikuwa imeshaniingia, na kwa kweli nilikuwa mjumbe mzuri. Bibi alikaa chini, akafunga kile kijino kwenye pindo la kaniki yake, fundo mara mbili. Akalia kidogo, si kwa sauti. Kisha akafanya ambalo hakuwa amelifanya tangu arudi na mtoto: alitungua kibuyu, akamimina mafuta kwenye kigae, akayasogeza motoni yapate uvuguvugu, akamvua mdogo wangu nguo zote na kumpaka. Alianzia utosini akashuka taratibu, viwiko, mapaja, visigino. Mtoto alilia mwanzoni kisha akanyamaza akalala akiwa uchi palepale mapajani mwake. Jiko zima lilinuka nyonyo, harufu ile ile niliyoiacha kwenye gunia la Baba.

Mafuta yaliyobaki kwenye kigae akanipa mimi. Akasema nimpelekee baba yangu, mikono yake imepasuka kwa baridi na mafuta ya taa. Nilikwenda kwa kuburuza miguu, maana sikuona kwa nini mtu mbaya apelekewe zawadi. Baba alikiangalia kigae. Alisimama, akanawa mikono kwa sabuni, akajifuta, akachovya, akajipaka viganja, migongo ya mikono, hadi kwenye viwiko, polepole, akiwa amesimama mahali penye jua ambapo mtu wa jikoni angeweza kumwona. Kisha akanirudishia kigae kikiwa kikavu. Hakunipa neno la kupeleka.

Baada ya hapo ndipo matengenezo yenyewe yalipoanza, maana sasa pampu ilikuwa imeharibika kweli. Lile gurudumu halikuwa na mwenzake dukani, si Makambako wala Njombe, pengine hata Dar es Salaam. Baba alichonga pengo pale jino lilipotoka, akayeyushia shaba kwenye moto wa makaa, ikatokea nundu mbaya ya njano, na jioni baada ya jioni akirudi kazini alikaa chini ya miwati akiichonga kwa tupa ndogo, akilijaribisha kwenye gurudumu la pili, akilitoa, akipiga tupa kidogo tena. Jino likiwa nene magurudumu yalikwama, likiwa jembamba oili ingepita pembeni. Mimi nilikaa mbali naye nikimhesabia dhambi.

Mfuniko nao ulihitaji kunyooshwa uwe bapa kabisa. Kwa hilo alichukua kioo cha Mama, kile kidogo cha ukutani, akakilaza juu ya ubao, akanyunyizia majivu yaliyochekechwa kwa kitambaa na tone la mafuta ya taa, akausugua mfuniko juu yake kwa kuzungusha, huku na huku, mpaka ukawa na rangi moja. Kioo kikaingia ukungu. Nilimuuliza Baba, je, Mama atajitazamia nini. Aliongeza majivu, akaendelea kusugua. Hakujua nilikuwa namaanisha nini, nami sikujua kwamba hajui.

Siku alipomaliza ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Alikata karatasi ya mfuko wa saruji kwa umbo la mfuniko, akaitoboa pale oili inapopita, akaifunga pampu, akaitumbukiza kwenye bakuli la oili mpya na kuizungusha kwa vidole. Oili ikatoka upande wa pili, kamba nyembamba isiyokatika. Akairudisha mahali pake, akajaza tangi. Alipokanyaga pedeli, injini ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikashika. Mlango wa jiko la Bibi ukafungwa. Niliingia ndani mbio nikachukua blanketi jingine, maana lile la bluu alikuwa nalo mwenyewe, nikapanda kwenye kigari nikakaa.

Baba alinitazama. Aliniuliza kwa sauti ya kupita injini nakwenda wapi.

"Kumchukua Mama."

Alizima injini. Alizunguka akaja upande wangu, akachuchumaa hadi uso wake ukawa sawa na wangu. Mtu mwingine angesema Mama amekwenda safari, au Mungu amemwita, na nisingemlaumu. "Mama alikufa," akasema. "Siku ileile. Hayuko njiani. Nilidhani umeambiwa."

Nilimuuliza, basi pikipiki unaitengenezea nini. Akasema hajui. Kisha akasema nikae vizuri nifunike magoti. Akaiwasha tena, tukaenda Njombe, na huko akanionyesha palipokuwa na udongo mwekundu na msalaba wa mbao. Ule mlima tuliupanda bila kusimama. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kigari kwa mikono miwili nikisikiliza injini, na ilinguruma sawasawa, na nililia njia nzima kwa sababu ilikuwa nzima.

Mnaweza kudhani siku ile nilimsamehe. Nilimsamehe habari ya Mama, kwa kuwa hapakuwa na safari ya kuzuia. Lakini lile jino sikulielewa, na jambo usilolielewa huwezi kulisamehe, unaliweka tu. Niliendelea kukua nalo. Nilimheshimu Baba, nilimpikia, nilisoma kwa jasho lake, na kila mara nikimwona ameshika tindo nilitafuta kazi upande mwingine wa ua.

Niliolewa Makambako, wakati ambao bendera ilikuwa imeshabadilika na ile pikipiki imelala chini ya miwati, imeota kutu, kuku wanatagia kwenye kigari. Mdogo wangu alikuwa amepata sauti nzito. Mchana wa siku moja kabla ya harusi Bibi aliniita jikoni kwake nipakwe miguu. Alikuwa haoni vizuri tena, alinipaka kwa kupapasa, na alipofika kidole cha mwisho alifungua pindo la kaniki yake, fundo moja, fundo la pili, akanipa kitu kidogo cheusi.

"Mrudishie baba yako. Mimi nimekaa nacho vya kutosha."

Nililitambua kabla halijafika kiganjani. Nikamwambia kwamba siku ile kulikuwa na jambo nilitaka kuongeza akanikataza.

"Najua ulichotaka kuongeza." Alichukua kidole changu akakipitisha pale jino lilipokatikia. Upande mmoja palikuwa laini, pamelala mshazari, upande mwingine palikwaruza. "Chuma kikivunjika chenyewe kinakwaruza kote, kama chumvi. Huku pamelazwa tindo. Nimeishi na mhunzi, mwanangu. Nililijua nilipolishika."

Kwa hiyo alijua. Alijua kwamba ni mafuta yake, maana kama yasingekuwa yake hakungekuwa na haja ya kuvunja kitu. Nilimuuliza aliwezaje, siku ileile, kuchukua kile kibuyu akampaka mtoto.

"Baba yako alivunja chombo chake ili mimi nilale," Bibi akasema. "Mtu akikufanyia hivyo, utakataa kulala?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema chochote miaka yote hiyo. Hapo akacheka, kicheko kikavu cha wazee. "Nimwambie nani? Mkwe wangu?"

Nilimkuta Baba nyuma ya nyumba akinoa jembe. Nilimwekea lile jino kiganjani kama alivyoniwekea mimi, nikasema Bibi amelirudisha. Akapitisha kidole gumba pale alipokuwa amelaza tindo.

"Anajua?"

"Tangu siku ile."

Baba aliweka jembe chini. Alilitia jino kwenye mfuko wa shati, akafunga vifungo vya koti hadi juu, kama anakwenda kanisani, akatembea kuzunguka nyumba. Nilimfuata kwa mbali. Alifika penye lile jiwe, mahali pake pa siku zote, akasimama, akakohoa.

Nilingoja kusikia mlango wa jiko ukivutwa. Haukuvutwa. Ulibaki wazi, na ndani kulikuwa na giza la moshi, hakuna kilichosogea. Baba naye hakusogea, wala hakuinua macho. Kisha, kutoka mle ndani, Bibi alikohoa.

Baba akasimama kidogo tena, akarudi kwenye jembe lake. Katika miaka yote waliyokaa ua mmoja, hayo ndiyo mazungumzo yao pekee ambayo hawakunituma mimi.